Hisia zilizofukiwa: ukiamua kutibiwa, ushike njia ipi?

Ukisema una jambo limekukaa moyoni mwaka wa tisa sasa, utapewa moja ya majibu mawili. La kwanza ni jikaze kisabuni, wenzio wana makubwa kuliko hayo. La pili, ambalo siku hizi limejaa kwenye video fupi za simu, ni toa yote nje: lia, piga mayowe, upige mto ngumi hadi uchoke. Anayetafuta tiba ya kuzungumza kwa kawaida ameshachoka na jibu la kwanza, na anahofia kwamba akifika kwa mtaalamu atalazimishwa la pili.

Majibu yote mawili yamewahi kupimwa. Mwaka 1993, James Gross na Robert Levenson wa Marekani waliwaonyesha watu filamu fupi za kutia kinyaa, kundi moja likaambiwa lisionyeshe chochote usoni. Nyuso zilitulia kweli. Kinyaa chenyewe hakikupungua, na vipimo vya ngozi na vya damu vidoleni vilionyesha miili yao imeshtuka zaidi kuliko ya wale walioachwa huru. Mwaka 2002 Brad Bushman akapima upande wa pili. Aliwaudhi wanafunzi kwa maoni makali juu ya insha walizoandika, kisha wengine wakapiga begi la ngumi huku wakimuwaza aliyewaudhi, wengine wakalipiga huku wakiwaza mazoezi ya mwili, na wengine wakakaa kimya tu. Waliopiga huku wakimuwaza mbaya wao ndio waliobaki na hasira nyingi kuliko wote.

Kwa hiyo tiba inayostahili pesa yako haikufundishi kujikaza vizuri zaidi, wala kulipuka vizuri zaidi. Inakufikisha kwenye hisia ukiwa na akili zako timamu, mbele ya mtu asiyetishwa nayo, kisha kuna kazi ya kufanya mkishafika. Tiba hizi zinatofautiana katika njia, katika kasi na katika hiyo kazi. Nitaje msimamo wangu mapema: wengi huchagua kwa jina la tiba au kwa sifa walizosikia kwa rafiki, ilhali cha kuangalia kwanza ni mwili wako unafanya nini hisia inapokaribia.

Na si kila kujizuia ni ugonjwa. Mtu anayemeza hasira mbele ya wakwe zake, au mfiwa anayetulia hadi wageni waondoke, ana adabu na ana akili. Emily Butler na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba madhara ya kujizuia hutegemea pia malezi na maadili ya mtu. Waliokulia katika maadili yanayothamini kujizuia hawakudhurika sawa na wengine. Swali la kujiuliza ni hili: ukiwa peke yako, au na mtu unayemwamini, ile hisia huja? Ikija, huenda huhitaji tiba, unahitaji faragha na rafiki. Kama hata hapo haiji, au inakuja kama maumivu ya kifua na ukali kwa watoto, endelea kusoma.

Tumtunge mtu mmoja tumpitishe kwenye vyumba vya tiba hizi, kimoja baada ya kingine, ili tulinganishe kwa haki. Ni kifungua mimba. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 22. Kwenye msiba ndiye aliyeshika daftari la michango, aliyetafuta gari la kusafirisha mwili, aliyewapokea wazee. Shangazi alimwambia: "Sasa wewe ndiye baba. Ukilia wewe, hawa wadogo wamshike nani?" Hakulia. Leo ana miaka 31, ana mtoto, kifua kinambana nyakati za jioni, na chumvi ikizidi kwenye chakula nyumba nzima inanyamaza. Hospitali wamempima moyo na damu, hakuna kitu. Wamemwambia apunguze mawazo.

Chumba cha daftari: tiba ya utambuzi na tabia

Hii ndiyo utakayoikuta mara nyingi, na wataalamu wengi huiita CBT tu. Mizizi yake iko kwa Aaron Beck, daktari wa akili wa Philadelphia katika miaka ya 1960. Kaka yetu atapewa kazi ya nyumbani: kila kifua kinapobana aandike kilichotokea, wazo lililopita kichwani, hisia na ukali wake kutoka 0 hadi 100, na alichofanya. Baada ya wiki chache wazo moja litaanza kujirudia: nikilegea kidogo tu, kila kitu kitaanguka. Mtaalamu hatabishana nalo. Atamwambia walipime. Wiki hii mwambie mdogo wako kwamba umechoka na ada ya muhula huu mtagawana, kisha tuone nini kitaanguka.

Uzuri wake ni kwamba ina mpangilio, mara nyingi vikao 12 hadi 20, na unaweza kuona kama unapiga hatua au la. Kwa wasiwasi, hofu za ghafla na sonona, ushahidi wake ni mkubwa. Wala haihitaji lazima mtu mwenye shahada: huko Moshi na Bungoma watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili waliingizwa kwenye utafiti wa tiba ya aina hii, inayogusa pia simulizi ya kifo chenyewe, nusu yao wakihudumiwa kwa vikundi na washauri wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 na yalikuwa mazuri katika maeneo mengi.

Kasoro yake kwa mtu aliyefukia hisia ni moja, lakini ni kubwa. Kaka yetu ni hodari wa madaftari. Aliendesha msiba mzima kwa daftari. Anaweza kujaza zile safu vizuri kabisa, akapewa sifa, akaelewa kila kitu kuhusu huzuni yake bila kuihisi hata mara moja. Mtaalamu mzuri ataliona hilo na kuweka kalamu chini. Asiye mzuri atafurahia maendeleo.

Chumba cha viti viwili: tiba inayolenga hisia

Leslie Greenberg na wenzake, huko Kanada, waliijenga tiba hii kuanzia miaka ya 1980. Hapa mtaalamu hasubiri wazo, anasikiliza sauti. Kaka anaposimulia maneno ya shangazi na sauti ikakwama kidogo, anasimamishwa hapohapo. "Rudi kidogo. Sauti yako imebadilika. Kuna nini hapo?"

Jambo la thamani katika tiba hii ni namna inavyotenganisha hisia ya kwanza na hisia inayoifunika. Ukali wa kaka kuhusu chumvi unafunika kitu. Chini yake huenda kuna huzuni, na kuna hasira nyingine kabisa, ya kumkasirikia marehemu aliyeondoka na kumwachia madeni, na juu ya hiyo kuna aibu, kwa sababu mtoto mwema hamkasirikii baba aliye kaburini. Kila moja inashughulikiwa tofauti. Huzuni inahitaji kuliliwa na kupokelewa. Aibu inahitaji kukutana na hisia nyingine inayoipinga, kama vile kujihurumia yule kijana wa miaka 22. Ule ukali wa juu juu hauhitaji kutolewa nje hata kidogo, unapitwa tu.

Chombo kinachojulikana zaidi ni kiti kitupu: unamweka baba pale, kwa mawazo, unamwambia usiyomwambia. Kwa baadhi yetu hapo pana mushkeli. Mkristo ataona kama anaita wafu, Mwislamu atajiuliza kama si ushirikina. Mweleze mtaalamu waziwazi. Kinachotafutwa ni maneno yaliyobaki kooni mwa aliye hai, na barua isiyotumwa hutumika kwa kazi hiyohiyo. Mtaalamu anayekusukuma ukae mbele ya kiti wakati dini yako inakukataza hajaielewa kazi yake.

Tahadhari moja ya kivitendo: herufi EFT ukiziona kwenye tangazo, uliza ni ipi. Kuna hii ya Greenberg, kuna ya wanandoa iliyokuzwa na Sue Johnson, na kuna mbinu ya kujigongagonga vidole usoni na kifuani iliyoanzishwa na Gary Craig. Ni vitu vitatu tofauti, na bei zake pia.

Chumba kisichokuacha ukwepe

Habib Davanloo, mzaliwa wa Iran aliyefanya kazi Montreal, aliunda tiba fupi ya saikodinamiki, yaani inayochimba hisia tunazojificha wenyewe, ambayo wataalamu huiita ISTDP. Inatoka katika ukoo wa Freud, mwasisi wa tiba ya kuchambua nafsi, lakini hakuna kulala kwenye kochi miaka saba. Mtaalamu anabana, kwa upole, tangu siku ya kwanza. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Baba alipoondoka na kukuachia madeni, unahisi nini juu yake?"

"Ni mapenzi ya Mungu."

"Hiyo ni imani yako, kaka, na ninaiheshimu. Nimeuliza unahisi nini."

"Labda hasira kidogo. Kama mtu yeyote."

"Kama mtu yeyote. Lakini umeshusha pumzi na umekunja ngumi. Tuiangalie hiyo?"

Anachofuata mtaalamu ni pembetatu iliyoenezwa na David Malan wa London: pembe moja hisia, ya pili wasiwasi unaoamka hisia ikikaribia, ya tatu ukuta tunaoujenga ili tusiione. Kutabasamu, kubadili mada, kusema "ni kawaida tu", hayo yote ni matofali ya ukuta. Kaka yetu, ambaye kwenye chumba cha daftari angeweza kujificha mwezi mzima, hapa hapati dakika kumi. Kwa watu wenye dalili za mwili zisizoonekana kwenye vipimo, Allan Abbass huko Halifax, Kanada, ameitafiti tiba hii na kuona wagonjwa waliokuwa wakirudirudi idara ya dharura wakipunguza safari hizo.

Ubaya wake ni kwamba ikishikwa na asiyefunzwa inageuka kuwa mahojiano ya polisi. Huku kwetu waliofunzwa ni wachache sana, wengi utawapata kwa intaneti na kwa Kiingereza. Vikao hurekodiwa kwa video mara nyingi, kwa ajili ya mafunzo na usimamizi, kwa hiyo uliza video inakaa wapi na inaonwa na nani kabla hujakubali.

Sasa mwili

Hapa ndipo ningekaa muda mrefu kabla ya kuchagua, na ni faida tunayoweza kuichukua kwa watu wa Davanloo hata kama hutaingia chumbani mwao. Wanasema wasiwasi unaoambatana na hisia iliyozuiwa hupita mwilini kwa njia kuu tatu. Jipime: fikiria kwa dakika mbili lile jambo, kisha tazama.

Wengine hukaza misuli. Ngumi zinajikunja, mabega yanapanda, taya linauma, kifua kinabana, pumzi ndefu zinatoka zenyewe. Mtu wa namna hii anateseka si haba, lakini ana uwezo mzuri wa kubeba hisia ikija. Anaweza kuingia chumba cha pili au cha tatu na kwenda kwa kasi. Kaka yetu ni wa kundi hili.

Wengine hukaza kidogo tu nje, na tumbo ndilo linalochafuka: kichefuchefu, kuhara kabla ya kila jambo zito, kipandauso. Hawa mara nyingi huonekana watulivu kabisa usoni, na ndiyo maana hudanganya hata wataalamu. Waende polepole, wakipumzika na kuzungumza juu ya kinachotokea kabla ya kuongeza uzito. Chumba cha pili chenye mtaalamu mwenye subira kinawafaa. Cha daftari pia kinawafaa kwa kuanzia.

Kundi la tatu kichwa hufunikwa na ukungu. Maneno yanapotea katikati ya sentensi, masikio yanakuwa kama yamezibwa, anajiona yuko mbali na mwili wake, au anasahau alichoulizwa. Huyu asibanwe hata kidogo. Akilazimishwa kufungua siku ya kwanza anaweza kurudi nyumbani akiwa hali mbaya kuliko alivyokuja. Anahitaji wiki za kujenga uthabiti kwanza: usingizi, kupumua, kujua yuko wapi na leo ni siku gani, mtu wa kumpigia simu. Ukiwa wa kundi hili, swali lako kwa mtaalamu liwe moja: "Nikipotea katikati ya kikao, utafanya nini?" Asiye na jibu, muage.

Kilichofukiwa kikiwa ni vita au ukatili

Hapa vyumba vitatu vya mwanzo vinasogea pembeni. Mtu aliyekimbia mauaji, aliyebakwa, aliyeteswa, hakufukia hisia kwa sababu ya adabu. Kumbukumbu zake zimevunjika vipande, na kila kipande kina hofu yake. Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert waliunda tiba ya simulizi ambayo huanza kwa kamba iliyotandazwa sakafuni: hiyo ndiyo maisha yako tangu kuzaliwa. Unaweka ua kwa kila jema, jiwe kwa kila baya. Kisha vikao vinavyofuata mnapita jiwe kwa jiwe, kwa mpangilio wa wakati, na mtaalamu anaandika. Mwishoni unakabidhiwa simulizi yako imeandikwa. Ilijaribiwa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwa Wanyarwanda na Wasomali, na waliotoa tiba walikuwa wakimbizi wenzao waliopata mafunzo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008.

Mashariki mwa Kongo, kwa wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono, ilijaribiwa tiba ya vikundi inayochambua mawazo yaliyoachwa na tukio, kama lile la "nimejitakia mwenyewe". Mazoezi yalirahisishwa ili asiyejua kusoma aweze kuyafuata. Utafiti wa mwaka 2013 uliona waliopita kwenye vikundi hivyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Mimi mwenyewe ningedhani kinyume, kwamba jambo kama hilo mtu angetaka alizungumze peke yake.

Na tukio likiwa bichi, la jana au juzi, usikubali kubanwa usimulie yote kwa kikao kimoja ili "lisikae moyoni". Mapitio ya tafiti hayakuona kwamba kikao cha namna hiyo huzuia kiwewe, na baadhi ya watu kiliwazidishia. Mtu aliyetoka kwenye ajali anahitaji usalama, maji, ndugu zake na usingizi.

Kama pesa haitoshi

Vikundi visidharauliwe. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa vijiji 30 vya Masaka na Rakai, Uganda, uliotumia tiba ya mahusiano kwa vikundi: wanaume peke yao, wanawake peke yao, vikao 16 vya dakika 90, wakiongozwa na watu wa hukohuko waliofunzwa. Walizungumza misiba, ugomvi wa nyumbani na mabadiliko ya maisha. Mwishoni asilimia 6.5 tu ya waliokuwa kwenye vikundi walibaki na sonona kali, dhidi ya asilimia 54.7 ya wasiokuwamo. Kwa mtu ambaye machozi yake hayaji kwa ajili yake mwenyewe lakini huja mwenzake akilia, kikundi kinaweza kufanya kazi ambayo mtaalamu wa bei ghali hawezi. Shida ni siri. Kama kikundi ni cha mtaani kwenu na shemeji yako yumo, tafuta cha mtaa wa pili.

Kuandika ni nafuu kuliko vyote. James Pennebaker mwaka 1986 aliwaandikisha wanafunzi juu ya mambo mazito yao kwa dakika 15, siku nne mfululizo. Waliumia zaidi siku za mwanzo, kisha miezi iliyofuata wakaenda kituo cha afya mara chache zaidi. Tafiti zilizofuata zinaonyesha faida ipo lakini ni ndogo, kwa hiyo nashauri kuandika kama kipimo: ukiandika siku nne na kila ukurasa unasoma kama taarifa ya polisi, umepata habari muhimu ya kumpelekea mtaalamu. Kundi la ukungu wasijaribu wakiwa peke yao.

Mambo madogo yanayoamua kuliko jina la tiba

Lugha ni ya kwanza. Wasomi wengi wetu tukiulizwa habari za moyo tunakimbilia Kiingereza, kwa sababu kwa Kiingereza hakuna kinachouma. Kama mtaalamu anaelewa Kiswahili, au lugha ya mama yako, tumia hiyo hasa unapofika penye uzito. Kama haelewi, sema sentensi ile moja kwa lugha yako hata hivyo, kisha umtafsirie.

Leseni ni ya pili. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu mwaka 2014, kwa hiyo kuuliza usajili si utovu wa adabu. Popote ulipo uliza alisomea wapi na nani anamsimamia. Kwa tiba ya simu, tatua kwanza suala la kuta, yaani nani nyumbani anakusikia. Wapo wanaofanya vikao wakiwa ndani ya gari lililoegeshwa, na si wazo baya.

Ya tatu ni kumkwepa anayeahidi kukufukulia kumbukumbu ambazo hujawahi kuwa nazo. Mwaka 1995 Elizabeth Loftus alionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima aliowajaribu waliweza kuaminishwa kwamba walipotea dukani utotoni, jambo ambalo halikutokea. Hisia inaweza kufukiwa, hilo ni kweli, lakini mtaalamu anayekuambia kilichokupata kabla hujamwambia anapanda mbegu yake.

Kwa kaka yetu, basi, ningeanza na chumba cha viti viwili, kwa Kiswahili, na barua badala ya kiti kama imani yake inataka. Angekuwa na hofu za ghafla zinazomzuia kwenda kazini, ningempeleka kwenye daftari kwanza. Angekuwa na mawazo ya kujiua, asingengoja kuchagua chochote kati ya hivi: hospitali, siku hiyohiyo, akisindikizwa na mtu.

Ukishaanza, jipe vikao vinne hadi sita kisha mwambie mtaalamu ukweli, hasa kama kuna kitu kimekukera: alichelewa, alisahau jina la mwanao, alikukatiza. Kwa mtu aliyezoea kumezea, kumwambia mtu usoni "jambo lile lilinikasirisha" ni kazi nzito kuliko kulia. Akijitetea au akinuna, tafuta mwingine. Akiuliza "niambie zaidi, ilikuwaje?", endelea naye.